Meno Matano ya Ulysse Haché

Mdogo wangu Ulysse aliumwa meno kwa miezi kumi na minne, na katika muda wote huo hakutokea daktari hata mmoja aliyesema hayaumi. Wote walikubali. Walitazama, wakatikisa kichwa, wakaandika barua, wakamsukumia mwenzao. Watu wa hapa Pointe-Cormier, kijiji chetu cha pwani cha wanaosema Kifaransa, huniambia, Lorette, hayo yamepita, tuliza moyo. Sijautuliza. Nitayasema yalivyokuwa, na anayetaka kunyamaza anyamaze yeye.

Mwaka huo Ulysse alikuwa na miaka arobaini. Anafanya kazi kwenye kituo cha kurudishia chupa, nyuma ya kanisa. Yeye ndiye anayezipokea, anazipanga kwa rangi, na anazihesabu bila kukosea. Kwa hiyo anajua kila nyumba inakunywa nini, na hana siri. "Madame Géraldine!" anaita mbele ya foleni nzima. "Wiki hii umejitahidi!" Kuna watu wazima hapa wanaopeleka chupa zao mji wa pili kwa kumwogopa.

Alizaliwa na hali ya Down, na alizaliwa na tundu katikati ya moyo, kubwa kiasi kwamba vyumba vinne vya moyo wake ni kama chumba kimoja. Halikuzibwa alipokuwa mtoto. Sababu ya kutozibwa nitaifikia. Damu iliyopata hewa na ile isiyopata zinachanganyika humo, mishipa ya mapafu imekakamaa, ndiyo maana midomo yake ni ya zambarau na ncha za vidole vyake zimenenepa. Ngazi za nyumbani, kumi na mbili, anapumzika mara mbili. Mara tatu kwa siku anameza kidonge cha kulegeza mishipa ya mapafu, na ni kidonge kilekile wazee wanachonunua kwa mambo ya chumbani. Binamu zetu wamemcheka hadi wakachoka. Yeye huwajibu, "Mimi naletewa na nesi. Nyinyi mnavaa kofia mkienda kununua."

Basi Septemba hiyo akaanza kuacha nyama kwenye sahani. Fricot ya Mama, supu yetu ya kuku na viazi, ambayo hajawahi kuiacha tangu apate meno, akawa anakunywa mchuzi tu na kusukuma kuku pembeni. Halafu akanyamaza kazini. Bosi wake akanipigia simu kuuliza kama Ulysse ana huzuni. Siku ya tatu nikamkuta jikoni anagongagonga paji la uso kwenye mlango wa friji, polepole, kama mtu anayebisha hodi.

"Ulysse, nini?"

"Humu." Akaonyesha shavu. "Kuna mtu anapiga nyundo."

Daktari wa meno alichungulia kwa dakika mbili. Magego matano yameoza, mawili yana usaha kwenye mizizi. Akasema hawezi kuyatoa pale kwenye kiti chake, kwa mtu mwenye moyo wa namna ile na asiyeweza kutulia mdomo wazi kwa muda mrefu. Yatolewe hospitali. Alituandikia kwenda hospitali yetu ya wilaya, na kule tukapelekwa kwa Daktari Sénéchal, daktari wa usingizi.

Sénéchal alisoma faili akiwa amesimama. Ulysse alikuwa amekaa mbele yake, amevaa shati la mistari ya kijani analovaa kanisani. Sénéchal akazungumza na mimi.

"Simlazi huyu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikimpiga nusu kaputi, haamki. Hatari ni kubwa mno."

"Kwa hiyo afanyeje?"

"Nitamwandikia dawa za kuua vijidudu."

"Zikiisha?"

"Tutamwandikia nyingine."

"Naumwa," Ulysse akasema.

Sénéchal akamgusa kichwani, kama unavyomgusa mbwa wa jirani, akanirudishia karatasi mimi.

Alichosema kuhusu hatari hakikuwa uongo, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Alisema nusu ya ukweli. Nusu ya pili sikuijua hadi baadaye: kwa mtu mwenye tundu lile, usaha wa jino ukiingia kwenye damu hauchujwi na mapafu kama kwetu. Unaweza kupita tunduni moja kwa moja hadi ubongoni. Kumtoa meno kungeweza kumuua. Kumwachia meno kungeweza kumuua pia, ila hilo la pili lisingekuwa na jina la daktari chini yake.

Tukapelekwa hospitali ya pili, mwendo wa saa tatu kwenye theluji. Nilichukua ruhusa kwenye kiwanda cha kaa ninakofanya kazi, msimu wa kuwavua ulikuwa bado. Tulikaa kwenye viti tangu asubuhi hadi adhuhuri, kisha akaja kijana mwenye koti jeupe akasema daktari amesoma faili na anakubaliana na mwenzake. Hakutoka hata kumwona. Tulirudi nyumbani saa tatu nyingine, Ulysse amejifunga skafu ya Mama shavuni, hasemi kitu. Nilipomwambia pole akanijibu, "Acha kusema pole. Sema nao."

Duru ya kwanza ya dawa, ya pili, ya tatu. Zilimharisha. Maumivu yalipungua kwa wiki moja, yakarudi. Hadi kufika masika alikuwa amepungua kilo tisa, na mtu mwenyewe hakuwa mnene. Kwenye mchezo wetu wa kuviringisha mipira kuangusha pini, ambao amecheza kila Jumatano tangu ana miaka kumi na sita, alikaa benchi na kuwatukana wenzake.

Mwezi wa tano Sénéchal mwenyewe akaja kituoni na masanduku mawili ya chupa za mvinyo. Nilikuwepo, nimempelekea Ulysse supu yake. Ulysse akamwona, akaweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini, Ulysse?"

"Chupa zako. Siwezi kuzipokea. Hatari kubwa mno."

Foleni ikageuka kumtazama. Sénéchal akacheka kidogo, akitegemea wengine wacheke naye.

"Ni chupa tu, rafiki yangu."

"Nitakuandikia barua," Ulysse akasema. "Peleka mji wa pili. Saa tatu. Wakikataa, rudi."

Bosi wake alitaka kuingilia. Nikamshika mkono. Sénéchal akabeba masanduku yake akatoka, na mlango ukambana bega. Hiyo ndiyo siku pekee ya mwaka ule niliyofurahi toka ndani.

Julai ikaja homa. Siku mbili jasho na kutetemeka, na siku ya pili akanisahau jina kwa muda. Akaniita kwa jina la shangazi yetu aliyekufa. Daktari wa familia aliogopa sana, akaagiza picha ya kichwa. Haikuonyesha kitu. Dripu ya dawa siku kumi. Sénéchal alipita wodini mara moja, akasoma chati, akaenda.

Siku ya kumi na moja nilikaa jikoni na simu nikapiga namba yoyote niliyoipata ya hospitali yenye daktari wa moyo, nikashuka ramani hadi kusini. Wengi waliniambia niandikiwe barua na daktari kwanza. Huko Halifax, mji mkubwa, akapokea nesi mmoja, sauti ya mama mtu mzima. Nikamweleza. Akaniacha nimalize, kisha akauliza, "Nani anamwangalia kwenye kliniki ya watu wazima waliozaliwa na moyo wenye kasoro?"

"Kliniki gani?"

"Hajawahi kuonwa na kliniki hiyo?"

"Mama, mimi ndiyo kwanza nasikia ipo."

Ilikuwepo. Ilikuwa na zaidi ya miaka ishirini. Watoto wenye mioyo kama ya Ulysse wanakua, wanaoa, wanaota mawe kwenye nyongo, wanavunjika miguu, wanaoza meno, na kuna watu kazi yao ni kujua namna ya kuwalaza na kuwaamsha. Mwendo wa saa sita kutoka mlangoni kwetu. Katika karatasi zote tulizobeba, hakuna aliyeandika jina lao.

Wale wa Halifax waliomba faili lake la zamani, la hospitali ya wanaosema Kiingereza alikopelekwa akiwa mchanga, na nakala ikaja kwangu kwa posta. Niliisoma mezani, Mama anamenya viazi. Ukurasa wa tisa, mwaka sabini na tisa: wazazi wameelezwa kuhusu upasuaji wa kuziba tundu, wazazi wamekataa. Chini, saini ya Mama. Azade Haché, herufi zake zilezile zilizolala.

Sikumwambia kwa upole. Nilimwekea karatasi juu ya viazi.

"Ulikataa?"

"Nilikataa nini?"

"Walitaka kumtibu moyo ukakataa! Umesaini! Angekuwa anapanda ngazi, Mama! Angekuwa analazwa kama mtu yeyote!"

Mama ana miaka themanini kasoro. Akafuta mikono, akavaa miwani, akaitazama karatasi muda mrefu ingawa hakuweza kuisoma. Kiingereza hakukijua wakati ule, na hata sasa hakijui.

"Walinipa hii siku ya kumtoa hospitali," akasema. "Baba yako alikuwa baharini. Nesi akaweka kidole hapa, akafanya hivi na kalamu. Nilidhani ni ya kumtoa mtoto."

"Hawakukuambia kuna upasuaji?"

"Waliniambia hatafika miaka kumi. Kuna mfanyakazi wa jikoni alijua Kifaransa, yeye ndiye alinitafsiria. Akaniambia, daktari anasema mpeleke nyumbani umpende." Akavua miwani. "Kitanda cha pili kulikuwa na mtoto wa watu fulani, naye ana tundu. Yule walimpasua. Nikauliza kwa nini yule. Hakuna aliyejibu. Yule hakuwa na uso kama wa Ulysse."

Nilikuwa nimemkaripia mama yangu kwa karatasi waliyomwibia saini. Nilitoka nje nikasimama kwenye baridi ya bahari hadi nikaweza kurudi. Niliporudi alikuwa ameendelea na viazi. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Menya," akanisukumia kisu.

Novemba tukaenda Halifax, mimi na Ulysse. Daktari wa usingizi wa kliniki ile ni mwanamke, Greta Wambolt, mrefu, viatu vya raba, Kifaransa chake kinachechemea. Aliingia, akavuta kiti, akakaa mbele ya Ulysse magoti yakikaribiana, na mimi nikabaki pembeni.

"Monsieur Haché. Ninaumwa meno gani?"

Ulysse akacheka mara ya kwanza kwa miezi. "Wewe huumwi! Mimi naumwa!"

"Samahani. Wewe. Nionyeshe."

Akamwonyesha. Kisha Wambolt akachora moyo kwenye karatasi, tundu na yote, akamweleza. Dawa ya usingizi inalegeza mishipa ya mwili. Ikilegea sana, damu inaona njia ya mwilini ni rahisi na ya mapafu ni ngumu, inaacha kwenda mapafuni kuchukua hewa. Ndiyo maana wanaogopa.

"Wewe huogopi?" Ulysse akauliza.

"Naogopa. Kwa hiyo sitakulaza kabisa. Ganzi mdomoni, na dawa kidogo sana ya kukutuliza, na nyingine ya kuzuia mishipa isilegee. Utakuwa unanisikia."

"Nitakufa?"

"Ulysse, usiseme hivyo," nikaingilia. "Daktari, yeye huwa..."

"Nyamaza," Ulysse akaniambia. Hakupaza sauti. "Mdomo wangu. Meno yangu. Kila siku unasema wewe."

Nikanyamaza. Nilikuwa nimewatukana madaktari mwaka mzima kwa kuzungumza juu ya kichwa chake, na mimi nilikuwa nimekaa hapohapo juu ya kichwa chake nikizungumza nao.

Wambolt akamjibu. "Inawezekana. Tukichukua watu ishirini kama wewe, mmoja anaweza asirudi nyumbani. Ukikaa na meno haya, nayo yanaweza kukuua, na yataendelea kuuma."

Ulysse akafikiri. "Timu yetu ya mipira tuko sita."

"Basi timu tatu na watu wawili."

"Rosaire," akasema. "Asirudi Rosaire. Anaiba pointi." Kisha akakunja uso, akaona kwamba hachagui yeye nani. Akaitazama karatasi yenye moyo. Wambolt hakumharakisha. Mwishowe Ulysse akasema, "Toa. Yote matano. Na Lorette awepo, lakini asiseme."

Kesho yake asubuhi wakanivalisha kofia na koti la karatasi, nikakaa karibu na kichwa chake. Walimruhusu kunywa maji hadi saa mbili kabla ya kuanza, kisha wakamwekea dripu ili damu isizidi kuwa nzito. Dawa ya kuzuia vijidudu ikaingia kabla ya kifaa chochote kugusa mdomo. Kwenye kifundo cha mkono waliweka kamrija kembamba ndani ya mshipa, kasome presha kila pigo la moyo. Shingo waliiwekea mito pande mbili wala hawakuipindua, maana shingo za watu wa hali yake zinaweza kuwa legelege.

Nilichokitazama zaidi ni vipovu. Kipovu kimoja cha hewa kwenye mpira wa dripu, ambacho kwako na kwangu kingeishia mapafuni, kwake kinaweza kwenda kichwani. Wambolt aliuinua kila mpira kwenye taa, akaugonga kwa ukucha, akasubiri. Kila bomba la sindano aliligonga. Nesi mmoja, mwenye haraka, alitaka kuunganisha. "Bado," Wambolt akasema. Akagonga tena. Daktari wa meno akasimama na koleo mkononi akingoja, na hakuna aliyeguna.

Jino la kwanza likalia kwenye bakuli la bati. La pili. Baada ya la tatu namba ya hewa ya damu kwenye kioo cha mashine, iliyokuwa themanini na mbili tangu asubuhi, ikaanza kushuka. Sabini na tano. Sitini na nane. Midomo ya Ulysse ikageuka rangi ya wino.

"Subiri kwanza," Wambolt akamwambia daktari wa meno. Akapandisha dawa ya mishipa, akapunguza ya kutuliza, akainama sikioni. "Ulysse, unanisikia? Vuta hewa. Vuta na mimi."

Sitini na moja. Nilikuwa nimeambiwa nisiseme, na sikusema. Niliuma vifundo vya vidole vyangu hadi nikasikia ladha ya damu. Kisha sitini na tano. Sabini na tatu. Themanini. Wambolt akahesabu dakika nzima kwa saa ya ukutani kabla ya kusema, "Endelea."

Dakika hamsini, mwanzo hadi mwisho. Usiku ule walimweka kwenye wodi ya wagonjwa mahututi kwa tahadhari, na asubuhi nikamkuta mdomo umevimba, anabishana na nesi kuhusu uji. Anataka fricot.

Nilienda kwenye maegesho ya magari nikafunga vioo nikapiga kelele. Watu hulia kwa furaha, nimeona. Mimi nilipiga kelele kwa zile dakika hamsini tulizonyimwa miezi kumi na minne.

Desemba nikakutana na Sénéchal dukani, kwenye rafu ya unga. Alisema amesikia mambo yamekwenda vizuri, amefurahi. Nadhani alifurahi kweli.

"Hapa niko peke yangu, Lorette," akasema. "Sina vifaa vile. Ningemuua."

"Hilo nakubali. Kwa nini hukutuelekeza kwa wenye vifaa?"

"Sikujua kama kuna kliniki ile."

"Na mimi sikujua. Mimi nasafisha kaa kiwandani. Wewe je?"

Akaangalia unga. Nikamwacha nao.

Niliandika malalamiko. Jibu lilikuja na nembo juu: tunasikitika kwamba ulihisi hukusikilizwa. Nilihisi! Kuhusu ukurasa wa tisa, ile hospitali ya zamani iliniambia rekodi haifutwi, ila familia inaweza kuongeza maelezo. Mama aliyasema, mimi nikaandika, kwa Kifaransa chetu, sentensi nne: "Hawakuniuliza. Ningekubali. Mtoto wa kitanda cha pili walimtibu. Wangu ana miaka arobaini na moja." Hospitali imethibitisha kupokea. Hakuna aliyetupigia simu.

Ulysse amerudi kazini, anatafuna upande mmoja. Sasa usiku anatumia oksijeni, na Wambolt hajatuficha kwamba moyo unachoka. Kila miezi sita tunaendesha saa sita hadi kliniki. Anashuka, anapanga foleni, anataja jina lake mwenyewe, na mlango wa daktari ukifunguliwa ananigeukia na kuninyooshea kidole kiti cha korido. Huingia peke yake. Mimi hukaa pale nimebeba koti lake, sijui wanaongea nini, na hasira inanipanda tena, hii ya kuwekwa nje. Najua hii haina haki yoyote. Nakaa nayo hivyohivyo hadi atoke.